Barua ya wazi kwa madaktari wa mifugo wa Arusha: msimrudishe paka kabla hamjamshika

Ndugu madaktari,

YAH: PAKA JIKE ANAYEPIGA CHAFYA SIKU YA KUFUNGWA KIZAZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Najua barua za namna hii huandikiwa wakurugenzi na wakuu wa wilaya, na huwa zinahusu barabara, maji na dampo. Hii inahusu paka. Naiandika kwenu mnaotibu wanyama Arusha mjini na kwenye vijiji vya chini ya Mlima Meru, na kwa wote mnaoandaa zile siku za kufunga kizazi mbwa na paka bure au kwa bei ya kuelewana. Uamuzi ninaoulalamikia unafanyika kwenye meza zenu, na mara nyingi unafanyika kabla paka hajatolewa hata kwenye kikapu.

Uamuzi wenyewe ni huu. Mtu kaamka alfajiri, kamkamata paka wake kwa mbinde, kamtia kwenye kikapu au kiroba kilichotobolewa, kapanda naye bodaboda. Kwenye foleni paka anapiga chafya mbili. Au ana tongotongo jicho moja. Au kinyesi chake kimekuwa laini. Kijana anayeandika majina anachungulia, anasema, "Huyu anaumwa, mrudishe, umlete akipona." Mwenye paka anaondoka akiamini amepewa ushauri wa daktari, wakati daktari yuko hema la pili na hajui kwamba kulikuwa na mgonjwa huyo.

Sidai kwamba kila paka mgonjwa apasuliwe. Ninachodai ni kwamba hilo neno "mrudishe" nalo ni tiba, lina madhara yake, na lisitolewe na mtu ambaye hakumgusa mgonjwa.

Kwa wale ambao Kaloleni, ninakoishi, wanaipita tu wakielekea kwingine: hii ni kata ya katikati ya jiji, karibu na Mnara wa Mwenge, na Soko la Kilombero ni jirani yetu. Nyumba nyingi ni za kupanga, vyumba vinatazamana, ua mmoja, bomba moja. Paka wa humu si wa mtu mmoja. Anakula dagaa kwa mama wa chumba cha kwanza, analala juu ya magunia ya mkaa mbele ya chumba cha nne, na panya anaowakamata ni wa nyumba nzima. Shukrani wote tunamshukuru. Siku akizaa ndipo anapogeuka kuwa si wa yeyote, na vitoto vyake vinaishia kwenye boksi pembeni mwa soko, macho yameziba kwa usaha.

Sasa mwambieni mtu wa ua kama huo, "Subiri wiki nne." Ushauri wa kusubiri umeandikwa kwenye vitabu vingi, na vingi viliandikwa kwenye nchi zenye majira ya baridi. Paka jike huingia kwenye joto kwa kufuata urefu wa mchana. Kaskazini mwa Ulaya, mchana ukifupika mwishoni mwa mwaka, majike wengi hutulia mpaka siku zianze kurefuka tena. Daktari wa London anayemwambia mteja wake mwezi Novemba asubiri mwezi mmoja anasaidiwa na jua, na mara nyingi anasaidiwa na mlango pia, kwa kuwa paka wa mteja huyo hulala ndani. Arusha iko nyuzi tatu na kitu kusini mwa Ikweta. Mchana wetu wa Juni na ule wa Desemba haupishani hata nusu saa. Paka wa Kaloleni hana likizo. Anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, anaibeba kwa takriban wiki tisa, na anaweza kupandwa tena angali ananyonyesha. Asipopandwa, joto linamrudia baada ya wiki mbili tatu, na mashume wa Kilombero hawasubiri tangazo. Kwa hiyo, jike ambaye hajafungwa kizazi, asiyeweza kufungiwa ndani, akipewa wiki nne, tunajua atarudi na nini tumboni, kama atarudi.

Mama mmoja wa ua wa jirani alirudishwa hivyo, na kampeni yenyewe ilikuwa ya siku mbili. Chafya zilikwisha zenyewe ndani ya juma moja, lakini mahema yalikuwa yameshang'olewa. Mengine mnayakisia.

Halafu kuna suala la hayo mafua yenyewe. Ninyi mnajua kuliko mimi kwamba mafua mengi ya paka huletwa na virusi vya aina mbili, hepesi ya paka na kalisi, na kwamba paka aliyepata hepesi hubaki nayo mwilini maisha yake yote, imejificha kwenye neva. Akisumbuka, inaamka. Kuhamishwa nyumba kunamsumbua, kuletewa paka mgeni kunamsumbua, na mimba na kunyonyesha navyo vinamsumbua. Yaani tunamwambia mwenye paka amlete siku mafua yatakapokwisha kabisa, ilhali kwa baadhi ya paka siku hiyo haipo, na kinachoyarudisha ni uzazi uleule tuliokusudia kuuzuia. Akizaa akiwa anavitoa virusi hivyo, anawaambukiza wanawe, na ndiyo asili ya yale macho yaliyoziba pale sokoni.

Nafahamu hofu yenu. Nusu kaputi si maji ya kunywa, na paka akifia mezani hakuna anayekumbuka kwamba alikuja na chafya. Watu wanakumbuka jina la daktari tu. Hofu hiyo ina takwimu. Watafiti wa Royal Veterinary College ya London walifuatilia wanyama waliopewa nusu kaputi katika kliniki za Uingereza kati ya 2002 na 2004, wakachapisha matokeo mwaka 2008. Kwa paka wote kwa jumla, vifo vilivyohusishwa na nusu kaputi vilikuwa asilimia 0.24. Walipowatenganisha, kwa paka waliohesabiwa wazima ilikuwa 0.11, na kwa wagonjwa ilikuwa 1.40. Hizo zinatofautiana zaidi ya mara kumi, na mtu akisomea hapo tu atasema kijana wa kwenye foleni alikuwa sahihi.

Lakini angalieni waliohesabiwa wazima ni akina nani. Walikuwa daraja la kwanza na la pili katika mizani ileile mnayoitumia kupanga wagonjwa kabla ya usingizi, na daraja la pili ndilo la mwenye maradhi madogo ambayo hayajauzidi nguvu mwili. Paka anayepiga chafya lakini anakula, hana homa na anapumua vizuri anaangukia huko. Asilimia 1.40 ilikuwa ya wale ambao ugonjwa umeshawaelemea. Mstari wa hatari haupiti kati ya paka mwenye dalili na asiye na dalili. Unapita ndani ya kundi la wenye dalili, na hauonekani kwa kuchungulia kikapuni. Naongeza, ili nisiwe mtu wa kuchagua namba zinazompendeza: zile kliniki zilikuwa na vifaa ambavyo hema la Arusha halina. Ila utafiti huohuo ulionyesha kwamba vifo vingi vya paka vilitokea baada ya upasuaji, hasa katika saa tatu za mwanzo, na kwamba hatari ilipungua pale mtu alipofuatilia mapigo na oksijeni ya damu. Mtu wa kukaa na paka kwa saa tatu hatuhitaji kumwagiza ng'ambo.

Wenzenu wa Marekani walishalijadili hili. Association of Shelter Veterinarians, chama cha madaktari wanaohudumia wanyama wasio na makao, kilitoa mwongozo wa kampeni za kufunga kizazi mwaka 2008 na kuurekebisha 2016. Mwongozo huo haufanyi maradhi madogo kuwa kizuizi cha moja kwa moja. Unamtaka daktari apime hatari ya upasuaji wa leo dhidi ya uwezekano kwamba mnyama huyu hatapata nafasi nyingine. Paka wa mitaa ya Lamu au Mji Mkongwe, aliyenaswa kwa mtego mara moja, mara nyingi haingii tena mtegoni. Wa Kilombero naye ni hivyohivyo.

Kwa hiyo mshikeni. Hapo ndipo ombi langu lilipo, na hapo ndipo nitakapowasumbua zaidi, kwa sababu Arusha ina hatari zake.

Kwanza kabisa ni sumu ya panya. Mitaani kwetu inauzwa kwa kipaza sauti, pamoja na dawa ya mende na kunguni, na mnunuzi hasomi karatasi. Baadhi ya sumu hizo huzuia damu kuganda. Panya aliyeila hafi palepale, anazubaa, na paka anamkamata kirahisi. Paka huyo akila wa namna hiyo kadhaa, anaweza kuonekana mchovu tu, amepoa kidogo, fizi zimefifia. Mtu atasema "mafua". Akipasuliwa, damu haikatiki. Huyu ndiye wa kurudishwa, naye hana hata chafya moja. Basi kabla ya kuuliza kama paka anapiga chafya, muulizeni mwenyewe kama nyumbani au kwa jirani imetegwa sumu wiki hizi mbili.

Fizi nyeupe zina maelezo mengine pia. Viroboto wakizidi, na minyoo ya safura ikishamiri, paka mdogo huishiwa damu akiwa bado anaruka ukuta. Kuna walioogeshwa dawa ya kupe ya ng'ombe, kwa kuwa mkoa huu ni wa wafugaji na dawa ya ng'ombe ndiyo iliyo karibu na mkono. Paka hatakiwi kuguswa na nyingi kati ya hizo, anatetemeka, anatoa mate, wengine wanakufa. Kuna waliopewa panadol, na kidonge kimoja cha mtu mzima kinaweza kumuua paka. Maswali haya yanachukua dakika tatu. Yanaokoa maisha kuliko kumtazama jicho.

Halafu kipimajoto. Joto la kawaida la paka ni kati ya nyuzi 38 na 39 na kidogo. Paka aliyetikiswa kwenye bodaboda kutoka Ngaramtoni, akapigiwa honi njia nzima, atapanda joto hata bila ugonjwa. Apumzishwe mahali penye kivuli na utulivu, apimwe tena. Akibaki juu ya 39.5, na jana hakula, basi asubiri, na hapo sina ubishi. Asubiri pia anayepumua mdomo wazi, au ambaye kifua chake kinakoroma mkimsikiliza. Paka mdogo asiyechanjwa anayetapika na kuhara damu asisubiri kwenye foleni hata dakika moja, atolewe mbali na wenzake, maana huenda mmeletewa ule ugonjwa wa kuhara unaofyeka watoto wa paka ndani ya siku chache.

Na yuko mwingine ambaye ugonjwa wake ndio sababu ya kumpasua. Alikuwa kwenye joto wiki chache zilizopita, sasa anakunywa maji kupita kiasi, tumbo limejaa, hataki kula, labda usaha unaonekana kwa nyuma na labda hauonekani. Kizazi kimejaa usaha. Huyu akiambiwa "mlete akipona" ameshahukumiwa.

Hoja ya kuambukiza wenzake naikubali, tena ni nzito kuliko hoja ya usingizi. Chafya moja ndani ya hema lenye paka ishirini si jambo la kuchekea, na virusi vya kalisi hukaa siku nyingi kwenye meza na kwenye mikono yetu. Ila hapo dawa ni ratiba. Wenye mafua wakae pembeni, vikapu vyao vifunikwe khanga, wapasuliwe mwisho baada ya wazima wote kutoka, na meza ioshwe kwa jiki iliyochanganywa na maji. Hospitali za watu hutenga wenye kikohozi bila kuwafukuza.

Nikiwa hapo hapo, niwadokeze kitu ambacho hakihusu mafua lakini kinawaua waliokwishapita salama kwenye foleni. Matangazo yenu husema mnyama asile tangu jioni. Kwa mbwa mkubwa sawa. Paka wa miezi mitatu au minne akishinda njaa usiku kucha, na foleni ikamfikisha saa nane mchana, sukari yake inashuka kabla hata ya sindano. Na Juni na Julai, jiji hili likiwa mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, sote tunavaa makoti. Paka aliyelala kwa nusu kaputi, amenyolewa tumbo, amelazwa sakafuni, anapoa haraka na anachelewa kuamka. Chupa za maji ya vuguvugu zilizozungushiwa kitambaa zinatosha. Wakinamama wa Kaloleni wako tayari kuzileta, mkiwaambia.

Najua mtaniuliza watu wa kufanya yote hayo watoke wapi. Sheria ya Veterinari ya 2003, iliyoanzisha Baraza la Veterinari Tanzania, inatambua madaktari na inatambua pia wasaidizi wao. Tengeru, mwendo mfupi tu kutoka mjini, kuna kampasi ya Wakala ya Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, LITA, yenye vijana wanaojifunza kumpima ng'ombe joto. Kumpima paka joto hakuwashindi, ingawa paka ana kucha. Kijana asimame mwanzoni mwa foleni akiwa na kipimajoto, mizani na saa ya kuhesabia pumzi, aandike anachokiona, na wenye shaka wapelekwe kwa daktari aamue mwenyewe. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 haikuandikwa kwa ajili ya punda na kuku peke yao.

Kuna wakati kusubiri ndiyo hekima. Paka wa mtu mmoja, anayelala ndani, mwenye mlango unaofungwa na mwenyewe mwenye nauli ya kurudi, akiwa na mafua ya kumtoa kamasi nzito, kwa nini apasuliwe leo? Apewe wiki mbili atibiwe. Kwa hiyo swali la pili baada ya kipimajoto aulizwe binadamu: unaweza kumfungia? utarudi? Mpangaji wa chumba kimoja chenye watoto watano atawaambia ukweli mkimuuliza kwa upole, bila kumfanya aone aibu. Uamuzi ni wenu kitaalamu, lakini nusu ya taarifa unazozihitaji yuko nazo yeye.

Na mkimrudisha, mpeni karatasi. Iandikwe uzito, joto, mlichokiona, dawa mliyompa na kipimo chake, tarehe ya kurudi, na kwamba akirudi hapangi foleni upya. Bila karatasi anakwenda duka la dawa za mifugo, anasema "paka ana mafua", anauziwa oksitetra ya ng'ombe na bomba la sindano. Mkimpa vidonge vya doksisaikilini, mwelezeni pia kwamba paka anyweshwe maji kidogo au alishwe mara baada ya kumeza, kwani kidonge kikikwama kooni kinaunguza. Mambo hayo kwenu ni ya kila siku. Kwa mtu ambaye hajawahi kumpeleka mnyama wake kwa daktari, ni elimu mpya kabisa, na ataipeleka uani kwao jioni hiyo hiyo.

Wapo watakaosema Arusha ina wagonjwa binadamu wa kutosha, na huyu mkazi anahangaika na paka. Hao niwajibu kwa kifupi: tulipokosa paka, panya walikula unga, nguo na nyaya za umeme, na tuliponunua sumu, watoto walikuwa wa kwanza kuiokota. Halafu vile vitoto vinavyotupwa sokoni havichanjwi kichaa cha mbwa na yeyote, na watoto wa shule ndio wanaovibeba.

Ombi langu ni dogo kuliko barua hii. Kwenye tangazo la kampeni ijayo, lile linalobandikwa ofisi ya kata na kusomwa kwa kipaza sauti, ongezeni mstari mmoja: paka mwenye mafua aletwe, ataangaliwa na daktari kabla ya kuamuliwa chochote. Na kama hamkubaliani nami, bandikeni jibu lenu papo hapo ubaoni, tulisome tukienda kuchukua barua za utambulisho.

Wenu,
Mkazi wa Kaloleni,
Arusha